Treni Yangu Iliishia Sake

Acha nikubali mimi mwenyewe, mbele ya kusikia kwa wengine: njo mimi ule mwalimu wa Ngungu aliyedanganya kanisa nzima kwamba yeye iko mu treni. Watu wananicheka mupaka leo, na wako na haki, na ninyi pia mukitaka kucheka mucheke tu, lakini mungojee nimalize kwanza, sababu ile haya yangu ilizaa kitu yenye sitaki kusahau.

Muanzo wake ni Papa yangu. Papa alikuwa muntu wa Pinga, kule Walikale mu pori, na wakati wa ujana wake alitembea na miguu mupaka Kindu, akafanya kazi ya reli miaka mbili, kisha akarudi, akaoa Mama, akaja kulima maharagi huku Ngungu, mu Masisi, na tangu pale hakuchoka kusimulia treni. Kila mangaribi, bugali ikifika tu, anaanza: treni ni nyumba inatembea, munalala ndani, munapikia ndani, siku moja mama mmoja alizalia ndani, kati ya station mbili, na watu wakagombana juu ya fasi ya kumuandikisha mutoto. Mama alikuwa na jibu moja, miaka yote: "Nyumba haitembeake, Mzee. Kula." Papa anacheka, anakula.

Wiki yake ya mwisho, akiwa amelala ku kitanda, alianza tena ile habari ya daraja, gisi treni inapunguza mbio mbele ya kuvuka na watu wote mu wagon wananyamaza, hata watoto. Mama alikuwa amechoka na kumuuguza. Akamwambia, "Acha uongo, Mzee, lala." Akalala. Hakuamuka tena.

Ile maneno ilibakia inamukula Mama. Mwaka mzima hakuisema, mupaka siku moja tunachambua maharagi, akaniambia bila kuinua macho: "Bahati, nataka nipande treni mara moja tu. Nijue kama baba yako alikuwa anasema kweli. Kama ni kweli, nimuombe musamaha."

Sasa, muntu wa akili angefanya nini? Angeuliza treni ya karibu iko wapi, anamupandisha mama yake, wanaenda station mbili tatu, wanarudi. Lakini mimi ni mwalimu wa jiografia (ndiyo, cheka), na mu darasa yangu kuko karte ya Afrika ya zamani yenye panya walikula Madagascar yote, lakini reli hawakuigusa, iko imechorwa vizuri, mistari myeusi yenye vijiti. Nikakamata kaye mupya, daftari ya kuandika, nikaandika: Sake, Goma, bateau ya mu ziwa mupaka Bukavu, gari mupaka Uvira, bateau tena mupaka Kigoma, na pale njo treni inaanza, Kigoma mupaka Dar es Salaam, Dar es Salaam mupaka Zambia, kisha Lubumbashi, kisha Angola, mupaka bahari ya ngambo ingine. Afrika nzima, bahari kwa bahari, na Mama yangu mu dirisha! Niliandika kila siku tutalala wapi. Niliandika chumvi, kibiriti, sindano na uzi. Nilijiona muntu mukubwa sana.

Tena nikafanya kosa: nikasimama mu kanisa, Jumapili, kutangaza. Ningeweza kusema "ninasindikiza Mama kidogo" na nikae chini. Lakini niliona watu wote wananiangalia, na Furaha, bibi yangu wa ndoa, iko mustari wa mbele mu korali, nikasema: "Ndugu, mimi na Mama tutakata Afrika na treni."

Weee! Kama haujui kwetu, nikuambie: muntu wa safari ya mbali anaombewa, na kila nyumba inamuletea mapamba, njo chakula ya njia, na mapamba haikataliwake, na hairudishwake. Ukirudi nayo ni kama kumwambia mwenye alikupatia kwamba baraka yake haikukufaa. Na kwa sababu sisi watu wa Masisi tunajua kitu yenye inaweza kuvumilia safari, wote waliwaza kitu moja. Tulipata fromage, ile jibini ya maziwa ya ngombe, kumi na moja. Kumi na moja, mviringo, kila moja kama jiwe ya musingi wa nyumba. Alhamisi asubuhi korali ilitusindikiza mupaka ku mulima, wanaimba, wamama wanalia, Pasta anapiga kelele kwa nyuma: "Jumapili tutakupigia simu, Mwalimu! Tusikie na sisi hiyo treni!"

Tulishuka na pikipiki mbili, Mama ku moja, fromage ku ingine pamoja na mimi.

Saa sita tulikuwa Sake, ku agence moja ya kukatisha tiketi ya bateau. Ule mama wa kukatisha tiketi, muntu wa adabu, akasoma kaye yangu ukurasa kwa ukurasa, akasema, "Mwalimu, hii ni kazi nzuri. Passeport ya Mama iko wapi?"

Nikamupatia karte ya uchaguzi.

Akaniangalia. Nikamuangalia. Munielewe, ndugu zangu: sisi tumezoea kuona watu wanavuka inchi ya jirani, Gisenyi, asubuhi na kakaratasi tu, wanauza nyanya, mangaribi wako nyumbani, na mimi kichwani niliwaza kama kule kwingine pia ni hivyo, tena Watanzania wanasema Kiswahili, tutashindwa kuelewana juu ya nini? Nilikuwa nimeandika sindano na uzi. Passeport, hapana.

"Itachukua wiki nyingi," ule mama akasema, na sauti ya pole, kama anaongea na mugonjwa.

Kurudi? Na ile nyimbo yote? Nilimwambia Mama kwamba tunangoja karatasi kidogo, tukaenda kwa Shangazi, dada ya Papa, mwenye anakaa pale Sake nyuma ya parking ya magari, jirani na moulin ya unga. Mama aliketi na kumenya viazi vya Shangazi, kikwembe chake cha safari kingali kipya kiunoni.

Ijumaa Pasta akapiga. "Mumefika wapi?" Na mimi, badala ya kusema tuko kwa Shangazi, macho ikaenda ku kaye. "Tuko ku bateau, Pasta." Jumamosi: "Tumefika Kigoma, Pasta, aksanti kwa maombi." Kila mara nilikuwa ninatoka nje, nyuma ya choo, juu Mama asisikie. (Kaye yenyewe ilikuwa inanisaidia kudanganya. Uongo wa kupangwa vile sijaona.)

Jumapili nikamkataza Mama kwenda kusali, nikisema apumuzike, lakini ukweli ni kwamba watu wa Ngungu wanashuka Sake, na niliogopa waone uso wake. Mama akaniangalia sana. Saa ine ya asubuhi simu ikalia. Nikatoka mbio, nikaikamata, na mara moja nikasikia sauti yangu inarudi mu sikio kutoka mbali, kubwa: Pasta alikuwa ameweka telefone ku micro. Kanisa yote ilikuwa inanisikia.

"Mwalimu! Muko mu treni?"

"Tuko ndani, Pasta."

"Haleluya! Tusikilizishe!"

Eh, Yesu wangu. Nikageuka huku, nikageuka kule. Ile moulin ya jirani haiheshimu Jumapili, ilikuwa inasaga: tu-tu-tu-tu-tu. Nikakimbia, nikainua telefone karibu na dirisha yake, mukono juu, unga inaniangukia ku kichwa. Furaha aliniambia kisha kwamba watu walisimama, korali wakaanza kupiga makofi kwa kufuata ile sauti, muzee mmoja akalia machozi akisema Afrika ni kubwa.

Na pale pale, ku parking, muitaji wa magari, ule anaita abiria, akafungua kinywa: "Sake-Goma, Sake-Goma! Fasi moja tu! Papa wa moulin, unapanda ao haupandi?"

Makofi ikakatika.

"Mwalimu," Pasta akasema polepole, "mu Tanzania pia kuko Sake?"

Na muntu mwenye alisoma, mwenye anafundisha watoto ya watu, unajua nilijibu nini? Nilisema: "Iko ingine, Pasta."

Nikasikia mukono unanigusa ku bega. Mama. Alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi, na fromage moja kwapani (Shangazi alikuwa amemuomba aikate). Akanyoosha mukono, bila hasira. Nikamupatia telefone. Na Mama yangu, mwenye hajawahi kuongea ku micro maisha yake yote, akasema hivi, na nitaikumbuka neno kwa neno:

"Ndugu, ni mimi Mama Bahati. Tuko Sake. Hatujapanda kitu. Hii munasikia ni moulin." Akahamisha fromage kwapa ingine. "Mutoto wangu anawadanganya, na mimi nimesimama hapa ninamuangalia gisi anadanganya. Anatoka jasho. Anaangalia chini, anaangalia pembeni. Sasa nimejua sura ya muntu anayesema uongo wa treni. Na ninawaambia, bwana yangu alinisimulia treni miaka yote ya ndoa yetu, na hata siku moja hakuniangalia pembeni. Alikuwa ananiangalia mu macho. Hata ile siku ya mwisho." Akapanguza unga ku telefone. "Mzee alikuwa anasema kweli. Muniombee, sababu nilimuita muongo. Tutarudi kesho."

Akanirudishia telefone, akaenda kukata fromage.

Mimi nilibakia pale na unga ku nywele. Muitaji wa magari akanikaribia, akauliza na heshima yote, "Papa, haupandi kweli?" Nilimwambia hapana, kaka, nimeshafika.

Kesho yake niliomba tupitie njia ya nyuma, ya mashamba, tuingie kimya. Mama alikataa. "Tuliondoka na barabara, tutarudi na barabara." Basi tukapita katikati ya soko ya Ngungu, muchana kweupe, na wanafunzi wangu wa mwaka wa sita wamejipanga mustari, kila mumoja ameshika bega ya mwenzake, wanasema tu-tu-tu-tu. Furaha alisimama mbele ya mulango, mikono kiunoni. "Karibu, Bwana Afrika," akaniambia. Alinisemesha tena siku ya tatu.

Sasa ile fromage. Haikuwezekana kuirudisha, haikuwezekana kuficha. Pasta akaamua: mapamba inaliwa na wenye walisafiri, na kwa kuwa kanisa nzima ilisafiri Jumapili (alisema vile mbele ya watu, na mimi niko nimeketi), kanisa nzima itakula. Wakakuja kwetu na viazi, na kila muntu alinicheka ku uso, na mukinicheka ku uso sina shida, njo gisi ya kusamehewa kwetu. Katikati ya ile kelele nikaona Mama hayuko. Alikuwa nyuma ya nyumba, ku kaburi ya Papa, amechuchumaa, anaongea. Sikusogea karibu. Aliongea wakati murefu, kisha akacheka, peke yake pale, kicheko cha mwanamuke kijana. Nikajificha ku migomba, nikalia kama mutoto.

Passeport yake ilikuja kisha. Anaiweka ndani ya Biblia. Siku tutaenda, tutaenda Kigoma tu, station mbili tatu, na ninaapa mbele yenu: sitamuaga muntu, sitamuaga hata mbuzi, na mukiniuliza niko wapi nitawajibu fasi miguu yangu imekanyaga. Lakini Mama hana haraka tena. Sasa ni yeye njo anasimulia treni, kila mangaribi, bugali ikifika: wamama wanapikia ndani, mutoto anazaliwa kati ya station mbili, daraja, watu wananyamaza. Juzi binti yangu mudogo, ule wa mwisho, akamukatiza koko yake, mama yangu: "Koko, nyumba haitembeake."

Mama akaweka tonge chini. Akamushika kidevu, polepole, akamugeuzia uso kwake.

"Niangalie mu macho," akasema. "Babu yako alipanda."