Betri ya Kaseti ya Mama

Kazi yangu ni kufungua mashine za gemu za zamani, zile za kaseti, na kuzilazimisha zikubaliane na TV za siku hizi. Nina kibanda Makambako, si mbali na stendi. Wanaonifuata ni watu wazima wenye vitambi wanaotaka warudishiwe utoto wao ukiwa hauna mkwaruzo. Nawatengenezea, lakini sijawahi kuwapenda sana.

Mashine hizo hutoa picha kwa njia ya antena, na TV bapa nyingi huipokea ikiwa imejaa chenga. Kwa hiyo natoboa ubavu wa mashine, naweka matundu ya waya wa njano na mweupe, halafu nalehemu transista moja na vikorokoro viwili vitatu ili picha ichukuliwe kabla haijafika kwenye kiboksi cha antena. Nikishafungua kitu, sikifungi mpaka nimebadilisha kila kilichozeeka ndani yake. Kuna kaseti zenye betri ndogo, ambayo kazi yake ni kutunza alama za wachezaji hata umeme ukizimwa. Hizo nazing'oa betri na kuweka mpya bila kuulizwa. Alama zinafutika, na wateja wanafurahi, maana kaseti zao zimetoka kwenye marobota ya mitumba na alama zilizomo ni za watu wasiowajua.

Mama yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipostaafu alibaki nyumbani Uwemba na dada yangu. Mashine ya namna hiyo alikuwa nayo, alitununulia mnadani mimi nikiwa bado mdogo, pamoja na kaseti moja tu, ile ya matofali yanayoshuka ambayo unatakiwa uyapange yasijae mpaka juu. Sisi tulikua tukaichoka. Yeye aliendelea. Kila jioni, akishawapa ng'ombe majani, alijifunika blanketi magotini akapanga matofali yake mpaka ugali uive. Kutoka Makambako hadi Uwemba si safari ya kumshinda mtu. Mimi nilikuwa nakwenda Krismasi, na miaka mingine hata Krismasi nilipiga simu tu. Nilisema kazi zimenibana, na haikuwa kweli.

Mwaka mmoja baada ya kumzika, dada alikuja kibandani kwangu na mashine ikiwa imefungwa kwenye kitenge cha mama. TV ya kichogo ilikuwa imekufa, na siku ya misa ya mwaka alitaka ndugu waone alama za mama kwenye TV mpya. Alisema picha itoke tu, basi, hahitaji kingine. Nilimjibu kwa kiburi kwamba mimi ndiye fundi, aniachie.

Picha nilimaliza siku hiyohiyo. Kisha nikaigeukia kaseti. Niseme ukweli, sikufikiri. Nilifungua skrubu, nikapima betri, nikakuta bado ina uhai kidogo, nikaing'oa. Nilijua kabisa kwamba ukishikiza betri ya pili pembeni kabla ya kung'oa ya kwanza, kumbukumbu haipotei. Ni kazi ya dakika tano. Sikuwahi kuifanya kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kuihitaji. Nililehemu betri mpya, nikabandika karatasi yangu ya tarehe, nikawasha nijaribu picha. Picha ilikuwa safi mno. Kwenye orodha ya washindi kulikuwa na mistari mitatu, yote ni sifuri.

Niliyoyafuta sikuwa nimeyaona hata mara moja. Hata kuchomeka kaseti nitazame kwanza sikuona haja.

Mtu mwenye haya angempigia dada simu. Mimi nilifunga mlango wa kibanda siku mbili nikacheza. Vidole vilikumbuka vyenyewe. Nilipata alama kubwa, nikaandika MAMA kwenye mstari wa juu. Wa pili nikaandika MAMA. Wa tatu hivyohivyo. Nilijiambia atakuwa alishika nafasi zote tatu, nani mwingine alikuwa anacheza mle ndani?

Siku ya misa tulirudi nyumbani kutoka kanisani, watu wakala, ulanzi ukazunguka. Dada akawasha TV. Mama mkubwa, dada yake mama, alisogea mpaka karibu na kioo, akapitisha kidole juu ya yale maandishi, akalia. Aliwaambia watu kwamba mdogo wake tangu utoto alikuwa hakubali kushindwa. Wakaitikia. Wengine walinishika mkono wakanishukuru kwa kumrudisha mama. Niliwapa mkono wote. Nilijichukia, pombe yangu nikamsogezea aliyekaa jirani.

Dada hakulia. Alitazama ile mistari mitatu, akanitazama mimi, akaenda jikoni.

Nilimkuta asubuhi yake anasugua masufuria nje, ukungu bado haujainuka. Nilianza kueleza habari za betri. Akanikata.

"Mama hajawahi kuwa wa kwanza," alisema. "Wa kwanza ulikuwa wewe."

Sikuelewa. Akaniambia pole pole, bila kuniangalia. Ile alama niliyoweka nikiwa darasa la saba, kwa lile jina nililokuwa naitwa nyumbani, ilibaki juu miaka yote. Mama aliikaribia mara nyingi sana. Kila akibakiza kidogo kuipita, alizima swichi ukutani, mchezo ukapotea, akaenda kula.

"Nilimuuliza kwa nini anajitesa. Akasema ukija siku moja ukawasha, ukute nafasi yako ipo."

Nilimwambia naweza kurekebisha, nicheze tena, nilirudishe jina. Dada aliinamisha sufuria maji yatoke.

"Acha hivyohivyo. Mama mkubwa ameshaiona. Na aliyekutoa pale juu ni wewe mwenyewe, mdogo wangu."

Sasa nakwenda Uwemba kila mwezi, kama vile kuna anayenisubiri. Mama mkubwa akisikia nimefika anakuja, anaketi kwenye kiti cha mama na kuniomba niwashe aone alama za mdogo wake. Dada anatoka nje kila mara. Mimi nawasha.