Tezi Iliyomharibia Kimya Kazi

Walimwita Kimya kwa sababu alikuwa kinyozi asiyepiga soga. Unakaa, unafungwa kitambaa, unanyolewa, unainuka. Miaka kumi na saba alifanya kazi hivyo katika chumba cha viti viwili nyuma ya posta, na hakuna mteja aliyetoka na mkwaruzo.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Moyo ukamwenda mbio hata akiwa amekaa. Alikula sahani mbili na bado suruali zikampwaya. Mkanda aliutoboa matundu mapya mara tatu. Na yeye, mtu mpole, akawa anawaka kwa sababu ya taulo lisilokunjwa.

Siku moja alimkata mwalimu sikio. Mwalimu akapangusa damu, akamtazama. "Ukinywa, ndugu yangu, funga duka."

Kimya hakuwahi kuonja pombe. Alitaka kujieleza, lakini mwalimu alishatoka. Jioni habari ilishazunguka mtaa mzima. Nyumbani mkewe alimpokea mfuko, akasogeza uso karibu na mdomo wake.

"Unaninusa, mama watoto?"

"Nataka kujua nikutetee vipi."

Hilo lilimuuma kuliko la mwalimu.

Zahanati alikwenda mara tatu. Kwanza walimpa dawa za malaria, halafu za vidonda vya tumbo, mwisho wakamwambia apunguze mawazo.

"Mawazo yenyewe yameletwa na huu ugonjwa," alisema. "Niyapunguze vipi?"

Akaitwa mgonjwa mwingine.

Mara ya nne alimkuta muuguzi mtu mzima, aliyemwona akitoka jasho chini ya feni. Akamwambia anyooshe vidole, akaweka karatasi juu yake, ikachezacheza. Akampa maji ameze huku akimwangalia koo.

"Baba, hii ni tezi ya shingo. Kapime damu hospitali kubwa."

Majibu yalichukua wiki mbili. "Tezi hii inatoa homoni," daktari alimweleza, "zinapita kwenye damu na kuuambia mwili uende kwa kasi gani. Tezi nyingine ndogo chini ya ubongo ndiyo msimamizi. Homoni zikizidi, msimamizi hunyamaza ili hii ipunguze. Ila kinga ya mwili wako yenyewe inaichochea hii ya shingo, kwa hiyo haimjali tena msimamizi."

"Kwa hiyo sinywi."

"Nani kasema unakunywa?"

"Niandikie hivyo kwenye karatasi, daktari."

Daktari akacheka, akaandika dawa tu.

Mwezi wa pili mikono ilitulia. Mwezi wa nne likazuka jingine: baridi, uso kuvimba, na usingizi uliomshika amesimama, mashine mkononi. Dawa ilikuwa imeibana tezi kupita kiasi. Akarudi kwenye foleni, kwenye sindano, kwenye kusubiri. Dozi ikapunguzwa, na safari hii mwili ukakaa sawa, ingawa nusu ya wateja walishahama.

Asubuhi mkewe humwekea kidonge na maji.

"Nitameza mpaka lini?"

"Mpaka daktari aseme."

"Naye anasema mpaka damu iseme," alinung'unika, akameza, akaenda kufungua duka.