Kiguu na Njia Ajifunza Kukaa

Jina alilopewa na wazazi wake halitumiki tena. Mtaa mzima unamwita Kiguu na Njia, na anaitika. Ni fundi bomba. Asubuhi utamwona na mkoba wa spana begani, mchana yuko na mkoba uleule upande wa pili wa mji, na jioni utamkuta anakula amesimama mlangoni, jicho moja kwenye sahani, jingine barabarani. Kinyozi wake humwambia ashikilie kiti kwa mikono miwili, kama anayeng'olewa jino. Mkewe, anayefua mashuka ya hospitali zamu ya jioni, huwaambia wenzake kwamba yeye hakuolewa na mtu, aliolewa na vumbi la mtu.

Watu walicheka, naye akacheka nao, mpaka binti yake wa pekee alipofeli mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Aliruhusiwa kurudia mwaka, lakini mara moja tu. Akianguka tena, basi.

Fundi alikwenda kwa mwalimu mkuu akiwa amejiandaa kuambiwa kwamba mtoto ni mzito wa kuelewa.

"Kichwa anacho, tena kizuri," mwalimu alisema. "Kinachomshinda ni kiti. Alirudisha karatasi muda haujafika hata nusu. Ukurasa wa nyuma hakuugusa. Msimamizi alimsihi akae, akasema hawezi, miguu inamwasha."

Fundi akaangalia chini ya meza. Miguu yake yote miwili ilikuwa inacheza.

"Maji hufuata mkondo," mwalimu alisema, wala hakucheka. "Kaa naye akisoma. Hata kama somo lenyewe hulijui, wewe kaa. Mtoto atajifunzia wapi kutulia, kama nyumbani hajawahi kumwona mtu ametulia?"

Alirudi nyumbani kwa mwendo wake wa mbio, lakini safari hii alikuwa anaikimbia aibu. Miaka yote alijisifu kwamba hapumziki kwa ajili ya mtoto. Viatu vya shule, madaftari, sare, vyote vilitokana na miguu hii. Kumbe alikuwa amemrithisha na miguu yenyewe.

Jioni hiyo akavuta viti viwili mezani.

"Tukubaliane," alimwambia binti. "Atakayeinuka kwanza kabla sura haijaisha, anaosha vyombo."

"Vyote, baba? Na sufuria?"

"Na sufuria."

Juma zima fundi aliosha vyombo. Aliinuka kufunga dirisha, akainuka kulifungua. Aliinuka kwenda kukagua bomba la jikoni ambalo alilifunga mwenyewe na halijawahi kudondosha tone. Akijilazimisha kukaa, goti linaanza, meza inatikisika, na herufi za binti zinapanda mlima.

"Baba, meza."

"Nimesikia."

"Baba."

Mwishowe binti akanyoosha mguu chini ya meza, akaukanyaga wa baba yake na kuugandamiza hapo, macho hayajatoka kitabuni. Goti likanyamaza. Lakini fundi alihisi kitu juu ya kidole gumba chake: mguu wa mtoto nao ulikuwa unatetemeka. Wakakaa hivyo, mgonjwa kamshika mgonjwa, na nani alikuwa anamtuliza nani sitaki kudanganya.

Siku zikasogea, baba akaanza kushinda mara mojamoja. Ndipo jioni moja simu ikalia juu ya meza. Ni mwenye nyumba ya ghorofa, mteja wake mkubwa kuliko wote.

"Fundi, maji yanashuka ngazini kama mto. Njoo sasa hivi."

Kiguu na Njia alikuwa ameshanyanyuka, mkono unautafuta mkoba. Binti hakulalamika. Alifunga kitabu polepole, akaanza kukusanya kalamu zake, kama mtu aliyekwisha kuzizoea jioni za namna hii. Hizo kalamu ndizo zilizomkata maini baba yake. Akarudi kitini.

"Ipo koki kubwa nyuma ya ngazi," alisema kwenye simu. "Izungushe kulia mpaka igome. Mimi nitafika asubuhi."

"Asubuhi? Wewe?"

"Niko na mtoto, mzee. Anasoma."

"Kwani mtihani unafanya wewe?"

"Na mimi nimo."

"Basi nitaita mwingine," mwenye ghorofa alisema, na kweli aliita mwingine, na hajampigia tena mpaka leo.

Fundi alikaa huku jasho linamtoka. Mwili ulikuwa kitini, roho inapanda zile ngazi mbilimbili. Binti akamtazama kwa muda, kisha akafungua kitabu palepale alipoachia. Sura ilipoisha waliinuka pamoja, wakaosha vyombo pamoja.

Siku ya mtihani alimfikisha getini, na hapo msaada wake ukaishia. Akaanza kuuzunguka ukuta wa shule.

"Utatuchimbia mtaro hapa," mlinzi alimwambia. "Kaa kwenye benchi."

Akakaa. Mguu wa kulia aliuweka juu ya wa kushoto, akaukandamiza. Watoto walianza kutoka, mmoja, kisha wawili wakicheka. Kila geti lilipofunguka aliomba kitu ambacho mzazi haombi: asimwone mwanawe. Wazazi wengine wakakumbatia wa kwao na kuondoka. Kengele ikalia. Wa mwisho kabisa akatokea binti yake, anachechemea.

"Umeumia?"

"Miguu imekufa ganzi, baba."

Fundi alilia palepale mbele ya mlinzi, na hakuona haya.

Binti alifaulu. Alifaulu vizuri kiasi cha kupata nafasi katika shule ya bweni, safari ya siku nzima. Kiguu na Njia alimbebea sanduku mpaka mlango wa bweni, akarudi peke yake.

Jumapili mkewe hakuwa na zamu. Jioni alitoka jikoni, akamkuta mumewe mezani, viti viwili vimevutwa, kimoja kitupu, miguu yake imetulia tuli sakafuni. Simu ikaita, ikaita, ikakoma.

"Mume wangu, hiyo si kazi inakuita? Mtoto hayupo. Inuka basi ukatembee kidogo, unanitisha."

"Saa hizi wako darasani, wanajisomea," alisema fundi.

"Sasa?"

"Sasa nikiinuka mimi, naye atainuka."

Mkewe alitaka kucheka. Akavuta kile kiti cha pili, akakaa.