Ndeke ya Anaclet, moteur sita

Siamini bado. Nimesoma message ya binti yake mara tatu: Anaclet, rafiki yangu, fundi wa mbao, alikufa jana. Naandika mbio, muvumilie ba-fautes, makosa ya kuandika.

Bengi munamujua kama muzee wa kanisa. Miye namujua kama pilote, muendeshaji wa ndeke ya kuruka juu.

Ilikuwa wakati wa Babelge, Lubumbashi bado inaitwa Élisabethville. Tulikuwa na kundi ya mbeni, ile ngoma ya dimanche, siku ya kanisa, yenye kila muntu anavaa galon, alama ya cheo, na kujiita mukubwa wa ba-soda, ba-askari. Anaclet alikuwa Commandant. Grade alijipa yeye mwenyewe.

Akaona ndani ya gazeti ya patron, bwana wa kazi yake, picha ya ndeke kubwa sana ya moteur sita, ya kutupa bombe. Bazungu balijaribu moja tu, habakutengeneza ingine. Anaclet akasema: "Basi ya pili tutatengeneza shiye."

Sababu ilikuwa Henriette, binti mwenye alikuwa anataka kuoa. Baba yake alimuambia: "Weye unajisifu sana. Siku utafika kwangu na ndeke, tutazungumuza mambo ya ndoa." Muzee alikuwa anamucheka. Anaclet hakucheka.

Tuliitengeneza na matete na mifuko ya unga, mabawa inajaza avenue muzima. Ba-moteur sita tulikuwa shiye bantu, kila mumoja anabeba bawa na kunguruma na mudomo. Miye nilikuwa ya sita, nyuma kabisa. Nilikuwa naona bisigino ya moteur ya tano tu.

Tulifika karibu na kwa Henriette muzuri sana. Pale moteur ya tatu, Kalala, akaona mama mukwe wake anakuja na sahani ya samaki. Kwetu mwanaume hakutane uso na mama mukwe, anatoka mu njia. Kalala akatoka mu njia. Bawa ikamufuata, na shiye bote.

Tuliangusha clôture, lupango ya matete, tukaingia mu parcelle, kiwanja ya baba Henriette, juu ya chungu ya munkoyo yake, kinywaji ya mahindi, yenye alikuwa anakunywa.

Halafu nikasikia Anaclet chini ya mifuko: "Baba, nimefika."

Muzee alicheka mpaka akakaa chini. Anaclet akapewa Henriette. Ndeke ingine hatukutengeneza, mifuko mama ya Henriette aliichukua kwa kulipisha munkoyo.

Leo ku kilio Henriette aliniuliza: "Ba-moteur bengine bako wapi?" Bale batano balisha kufa, nilibaki miye tu. Nililia kama mutoto, sina haya. Nikamungurumia kidogo, naye akacheka na machozi.

Commandant, batano bako kule banakungoya. Chunga tu Kalala, mama mukwe wake alitangulia.

Lala muzuri, ndugu yangu. Ya sita bado inanguruma.