Makumbusho ya Salo Yangu

Watu wa Minago, jirani zetu wa kando ya ziwa, walipoanza kukimbia vita, niliona jambo lililonikera kuliko hata milio ya bunduki. Mtu anabeba godoro, anabeba sufuria, anabeba hata kuku, halafu Bikira Maria anaachwa ukutani aangaliane na mijusi. Sikuwalaumu sana, maana sanamu ya plasta ni nzito kuliko inavyoonekana. Lakini mimi nilikuwa nakusanya vitu vya dini tangu usichana wangu, rozari zilizokatika, medali za ubatizo, picha za komunyo ya kwanza, na nikaapa kwamba vya majirani havitaishia mikononi mwa wezi nikiwa hai.

Basi nikaigeuza salo yangu hapa Rumonge, chumba cha kupokelea wageni, kuwa makumbusho. Viti nilivipeleka uani. Nikapigilia misumari ukuta mzima, na chini ya kila kitu nikabandika karatasi inayosema kimetoka nyumba ipi na kilitundikwa wapi. Fundi cherehani wa jirani, Mwislamu, alileta tasbihi ya marehemu mama yake, akaniuliza kama itapata nafasi kati ya watakatifu wangu. Nikamwambia nafasi ipo, ila yeye mwenyewe asitarajie kuketi. Wifi yangu, niliyeishi naye tangu mume wangu afariki, alipaita duka lisilouza, akasema wazimu wangu utatuletea askari. Nilimjibu kwamba wakija nitawatembeza kama wageni wengine, wavue viatu mlangoni.

Kitu nilichokilinda zaidi kisingepata hata mnunuzi sokoni. Kilikuwa msalaba mdogo uliosukwa kwa tawi la mchikichi, mali ya mama mmoja wa Minago. Mume wake aliusuka Jumapili ya Matawi, na wiki hiyohiyo akauawa barabarani karibu na Gitaza, peke yake na baiskeli yake. Hakuna aliyejua ni nani alimzika, wala kama alizikwa. Siku mama huyo alipokwenda kupanda boti ya kukimbilia Tanzania, alipitia kwangu, kwa kuogopa msalaba utalowa ziwani. Alinipa kwa mikono miwili.

"Mama, kaburi lake sina," alisema. "Iko hii tu. Unitunzie, nitarudi."

Nilimwahidi.

Sasa, kwetu tawi la Jumapili ya Matawi halikai milele. Kwaresima ikikaribia, kila nyumba hurudisha kanisani tawi lake la mwaka uliopita, likiwa limekauka, lichomwe pamoja na mengine, na majivu hayo ndiyo tunayopakwa kwenye paji la uso Jumatano ya Majivu. Mwaka uliofuata, tangazo lilitolewa wakati mimi niko Kabezi nimefuata msalaba wa familia moja iliyohama. Wifi yangu, mtu wa sala asiye na hila yoyote, akaliondoa tawi letu la juu ya mlango, akauona na ule msalaba ukutani, akaubeba pia. Kusoma hajui, na karatasi yangu haikumsaidia kitu.

Niliporudi asubuhi ya Jumatano nilikuta msumari mtupu. Wifi nilimsema mpaka sauti ikakauka, kisha nikaenda kanisani mbio na vumbi la safari miguuni. Katekista alikuwa ameshachekecha majivu. Nikamwomba kijiko kimoja. Akasema majivu ni ya Misa, si ya kugawagawa kama chumvi. Nikamwambia sawa, nitangoja Misa iishe, na kama hayatoshi leo nitakuja kesho na keshokutwa. Nikaketi kwenye ngazi za sakristia. Misa ilipokwisha alinimiminia yaliyobaki kwenye kichupa kilichokuwa cha pilipili, akasema nina kichwa kigumu. Sikubisha.

Kichupa nilikiweka palepale penye msumari, juu ya kijibao, nikaandika karatasi mpya inayoeleza yaliyotokea. Wifi alilia sana. Nilimnunia kwa muda, halafu nikachoka, kwa sababu tulikuwa tunakula sahani moja.

Vita vilipoanza kupoa, mama wa Minago akarudi. Nilimwona mlangoni nikatamani ardhi inimeze. Wifi alikimbilia jikoni. Nilimpokea, nikamkalisha, nikamweleza yote bila kupunguza, nikamkabidhi kichupa. Alikifungua, akayatazama majivu, akauliza kama ni ya tawi la mume wake tu. Hapo ndipo niliposikia aibu kuliko pote. Nikamwambia hapana, mtaa mzima ulipeleka matawi, na watu wa Minago waliokimbilia huku pia, na sasa yamechanganyika, hayatenganishiki.

Alichovya kidole gumba, akajipaka kwenye paji la uso.

"Basi mume wangu haiko peke yake," alisema. "Iko na watu."