Picha za Pasipoti za Bustanini

Maisha yake yote ya kazi alipiga picha za pasipoti, katika chumba kidogo chenye kigoda na shuka jeupe ukutani. Watu walimwita Bwana Tulia, maana hilo ndilo neno walilolisikia zaidi humo ndani. Tulia. Tazama mbele. Funga mdomo. Masikio yote mawili yaonekane. Alipostaafu, aliona bustani ya nyuma ya nyumba imejaa wateja.

Mazoea yana taabu, asikwambie mtu. Kila asubuhi alitoka na simu yake na kipande cha kadi nyeupe. Vunjajungu aliwekewa kadi nyuma ya mgongo. Mjusi alisubiriwa mpaka atazame mbele, jambo gumu kwa kiumbe mwenye macho ubavuni. Chura wa chini ya ndoo ndiye aliyekuwa mteja bora: hakupepesa, hakucheka, hakuuliza picha zitatoka lini. Mkewe alipoonyeshwa picha ya chura huyo alisema ni shemeji yake kabisa.

Balaa lililetwa na vidukari. Waliivamia kunde ya mkewe, wakajazana kwenye machipukizi, weusi na wanene, wakifyonza kama waalikwa. Kunde ile mama wa watu aliimwagilia hata mgongo ulipokuwa unamuuma. Uvumilivu ulipomwishia, akamwita mpuliza dawa aje Jumamosi.

Moyo wa Bwana Tulia ukalipuka. Akilini alishamwona chura wake kalala chali, kauawa na dawa.

"Mke wangu, ukipuliza dawa unawaua na askari wako," alisema. "Wale wadudu wekundu wenye madoa meusi wanakula vidukari kutwa nzima."

"Nionyeshe picha moja tu ya askari wako akila kidukari, nami namrudisha fundi na bomba lake."

Bwana Tulia alitabasamu kama mtu mwenye ushahidi gunia zima, akafungua simu. Vunjajungu, kafunga mdomo. Mjusi, kafunga mdomo. Buibui, miguu yote ndani ya picha, hana hata nzi. Tabasamu likaanza kunywea. Kila alipomkuta mdudu anatafuna, alimsubiri kwa heshima amalize kwanza.

"Hawa hawalindi kitu," mkewe alisema. "Hawa wanaomba viza."

Jumamosi mpuliza dawa aliingia, bomba mgongoni, akamkuta mwenye nyumba kapiga magoti kwenye kunde, simu mkononi. Mbele ya pua yake mdudu mwekundu alikuwa anamtafuna kidukari. Lakini kidole kiligoma. Mdomo wa mdudu ukifunguka, kidole kinaganda. Ukifungwa tu, kinabonyeza. Mpuliza dawa akaanza kupampu.

"Hebu lete hiyo simu," mkewe alisema.

Aliinama huku kashika kiuno, akabonyeza hivyo hivyo. Picha ilitoka upande, na kidole gumba chake kimeziba pembe moja. Lakini katikati, mguu wa kidukari ulikuwa unaning'inia mdomoni mwa yule mwekundu. Mama aliitazama, akaangua kicheko.

"Fundi, samahani," alisema. "Hapa tayari kuna watu kazini. Kunywa chai kwanza, ndiyo uende."

Fundi alipoondoka, wale wawili walibaki kibarazani na vikombe vyao na mkate.

"Unajua," mkewe alisema, "picha zangu zote umenipiga wewe, na hakuna hata moja ninacheka. Wajukuu wanadhani nilikuwa mkali."

Maneno hayo yalimchoma. Hata siku ya harusi yao alimwambia afunge mdomo. Aliinua simu polepole. Mkewe alipoiona akaweka mkate chini, akanyoosha shingo, akasogeza kitambaa cha kichwani masikio yaonekane.

"Usitulie," Bwana Tulia alisema. "Chukua mkate wako. Tafuna."