Mtunza Maneno ya Siri

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa fundi wa kompyuta katika mradi mmoja wa kilimo pale Nachingwea. Fundi ni jina la heshima tu. Kazi yangu kubwa ilikuwa kufuta vumbi na kuwaomba watu wasizime mashine kwa kuchomoa waya. Kisha ikaja seva. Tukaiweka kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mbegu, nami nikapewa kazi ya kutengeneza mafolda ya pamoja na kugawa ruhusa: nani asome tu, nani aandike, nani aweze kufuta.

Nilidhani ni kazi ya ufundi. Kumbe ilikuwa kama kupanga viti harusini. Ruhusa ya kusoma tu waliiona tusi, na bwana shamba mmoja aliniuliza kama nimemwona mgeni hapa. Mkuu wa mradi, ambaye kompyuta aliigusa kwa nadra, alitaka aweze kila kitu kila mahali, na folda la uongozi asiliingie mtu mwingine yeyote. Nikampa. Kila mtu nikampa jina lake na neno lake la siri, nikawaeleza na sababu ya kuitwa la siri. Haikupita wiki, maneno yote yalikuwa kwa sekretari.

Kwa asiyekaa kule, hili linahitaji maelezo. Mvua zikianza, watu wengi huhamia shamba kulinda mazao dhidi ya nguruwe na ngedere, na ufunguo wa nyumba ya mjini huachwa kwa jirani. Kumnyima jirani ufunguo ni kumwita mwizi. Sekretari wetu, mama wa makamo, Mmakua, asiye na maneno mengi, ndiye aliyekuwa jirani wa ofisi nzima. Mtu akienda msibani Mbwemkuru, anamwachia neno lake asije mwenzake akakwama. Hakuyaandika popote, aliyatunza kichwani. Nikagomba, nikayabadilisha yote, nao wakampelekea mapya mbele ya macho yangu. Nilimkasirikia sana. Niliona kwamba tundu la seva yangu ni yeye.

Asubuhi moja, siku chache baada ya mradi kutembelewa na wageni, bibi shamba aliyekuwa akifuatilia mikorosho ya Nkowe alikuta folda lake halipo. Ndani yake kulikuwa na picha na maelezo ya misimu kadhaa, kazi aliyoifanya kwa baiskeli, jua na mvua. Alilia mbele ya watu wala hakujificha. Nikatafuta mpaka nikalikuta ndani ya folda la uongozi, zima, halijapungua kitu. Mtu alilikokota kwa kipanya bila kujua, akaliachia humo. Ila kwa ruhusa nilizogawa mwenyewe, aliyeweza kuweka kitu mle ni yule tu aliyeingia kwa jina la mkuu.

Mkuu akasema hajagusa kitu. Sidhani alidanganya, mtu aliyekokota bila kujua hawezi kukumbuka kwamba alikokota. Lakini neno lake nalo lilikuwa kwa sekretari, na hilo likamtosha. Akaitisha kikao, akasema kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba mama huyu akatafute kazi kwingine. Alikuwa mjane, ana watoto wawili wanasoma sekondari Ruangwa, na hakuna aliyekuwa hajui. Akaulizwa kama kuna mtu aliyemwomba neno la mkuu siku za karibuni. Akajibu kwamba aliyeachiwa ufunguo hatangazi nani amekuja kuuchukua.

Mkuu akataka sote tuone folda lilipokutwa. Akakaa kwenye kompyuta, akaandika neno lake. Likakataliwa. Akaandika tena, taratibu, kwa kidole kimoja, likakataliwa tena. Nje jenereta lilikuwa likinguruma. Hatimaye akamgeukia mama yule yule aliyetoka kumfukuza.

“Mama, hivi neno langu ni lipi?”

“Ni lile lile uliloniuliza siku ya wageni, Mzee, ulipotaka kuwaonyesha picha za mikorosho.”

Aliyasema kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo dogo. Mkuu akabaki na mikono juu ya vitufe. Bibi shamba alimtazama, kisha akatazama sakafu.

“Basi ni mimi,” mkuu akasema, akiiambia kompyuta.

Hakuomba radhi, ila habari ya kutafuta kazi kwingine iliishia pale. Tulidhani na kikao kimeishia pale. Sekretari akasimama, akaniomba niwabadilishie wote maneno yao sasa hivi, yeye akiwepo. Akageuka akatazama ukuta.

“Kuanzia leo msiniachie tena,” alisema. “Kila mtu alale na la kwake.”

Tukapita kwenye kompyuta mmoja mmoja, mkuu akiwa wa kwanza, kila mtu akiandika neno ambalo hakuna mwingine angelijua. Yeye alibaki ametupa mgongo mpaka wa mwisho akamaliza. Seva yangu haikuwahi kuwa salama kama siku ile. Nilikuwa nimepata nilichokigombania muda wote ule, na kiliniuma.